Bagamoyo au Kilwa: pwani ipi kwa mtu wa Dodoma anayetaka kutembea kwa miguu?

Shemeji yangu anakaa mtaa wa Kisasa, hapa Dodoma. Ana mke, watoto wawili, na siku nne za mapumziko alizozibana kati ya wikiendi na Nane Nane. Aliniambia hataki tena Dar ya maduka na foleni. Anataka pwani ya kutembea: magofu, mitaa ya kale, wavuvi wakishusha samaki. Akataja mbili, Bagamoyo na Kilwa, akataka nimchagulie. Bagamoyo nimekwenda mara nyingi, Kilwa mara mbili, na jibu langu lilikuwa swali: "Shemeji, unataka kutembea kwa miguu yako, au uko tayari kungoja chombo cha mtu?"

Alicheka, lakini tofauti kubwa iko hapo. Bagamoyo ukishatua begi gesti, unafunga kamba za viatu na kila kitu unakifuata mwenyewe: Mji Mkongwe, misheni, soko la samaki, hata Kaole ukiwa na pumzi. Kilwa, kile ulichosafiria kiko ng'ambo ya maji. Unatembea, tena sana, ila kwanza unavuka, na kuvuka kuna saa yake.

Njia

Sisi wa bara safari ndiyo inayotumalizia siku, kwa hiyo ihesabu kabla ya kuhesabu magofu. Tangu treni ya umeme ianze kuja Dodoma Julai 2024, kwenda Dar kumekuwa jambo la asubuhi moja. Zamani ulipanda basi alfajiri, ukala Morogoro, ukafika jioni ukiwa na mgongo wa kuazima. Sasa unashuka Dar mchana bado mchana, unachukua gari la kwenda stendi ya Makumbusho, na pale unapata daladala za Bagamoyo. Kutoka Dar ni kilomita kama 70. Mtu aliyeondoka Dodoma asubuhi anaweza kuliangalia jua likizama Bagamoyo siku hiyo hiyo.

Mwenye gari ana njia nzuri zaidi, na nashangaa wengi hawaijui. Ukifika Chalinze usinyooke kwenda Dar. Kata kushoto kama unayekwenda Tanga, ukifika Msata kata kulia. Kutoka Msata hadi Bagamoyo ni lami, kilomita 64, unavuka Mto Ruvu na kuingia mjini bila kuonja foleni hata moja.

Kilwa ni hesabu nyingine. Dodoma hadi Dar ni kilomita kama 450. Ongeza 300 hivi hadi Kilwa Masoko. Mabasi ya kusini hupenda kuondoka mapema, kwa hiyo usiku mmoja utalala Dar upende usipende. Barabara yenyewe haichoshi macho: Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, kisha Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, lililofunguliwa 2003. Wazee wa kusini watakusimulia jinsi walivyokuwa wakilala kwenye foleni ya kivuko kabla ya daraja hilo. Ila mvua za masika zikikolea, barabara ile si ya kuiamini. Mei 2024, baada ya mvua kubwa na Kimbunga Hidaya, ilikatika upande wa Kilwa na wasafiri wakakwama. Aprili na Mei, Kilwa iache.

Kwa siku nne za shemeji, Kilwa ingemwachia siku moja na nusu ya kutembea. Mbili na nusu zingebaki barabarani.

Kilwa ina mawe

Hata hivyo sitaki kuidhulumu Kilwa, kwa sababu kama kinachokutoa nyumbani ni magofu, hakuna mashindano. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zimo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981. Mwaka 2004 ziliwekwa kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini, na baada ya kazi ya miaka ya kukarabati kuta na kuzuia bahari kula ufukwe, zikaondolewa humo 2014.

Kibali unakichukua Masoko kabla ya kuvuka, na unapewa mwongozaji. Mkondo wenyewe ni mwembamba. Kwa mashua yenye injini hujamaliza kujipaka mafuta umefika. Kwa tanga unapata muda wa kusikia kamba zikilia, na mimi ningekushauri tanga kama upepo upo na huna haraka.

Kinachokupokea ufukweni ni Gereza. Jina lisikutishe: ni ngome. Wareno waliiteka Kilwa 1505 wakajenga ngome yao, na hiyo unayoiona leo ni ya Waomani waliojenga upya baadaye mahali hapo. Kutoka hapo njia ni ya mchanga, hakuna gari kisiwani, unapita katikati ya nyumba za watu na mashamba yao hadi Msikiti Mkuu. Hapo ndipo miguu inasimama yenyewe. Sehemu ya zamani ni ya karne ya 11 au 12. Upanuzi mkubwa, wenye kuba na matao, ni wa karne ya 14, enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Mawe ni ya matumbawe na chokaa, yaani bahari ile ile unayoisikia ndiyo iliyojenga ukuta. Ibn Battuta alipita hapa 1331 na kuusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri. Kilwa wakati huo ilikuwa inapiga sarafu zake yenyewe na kushika biashara ya dhahabu iliyotoka Sofala, Msumbiji ya leo.

Halafu unakwenda Husuni Kubwa. Ni mwendo wa pembeni kidogo, jua kali, na wengi huchoka wakaikosa. Usiwe kati yao. Ni jumba la sultani huyo huyo, limekaa juu ya mwamba linaitazama bahari, na bwawa lake lina pembe nane. Nilikaa ukingoni mwa bwawa hilo nikawaza kwamba miaka mia saba iliyopita kuna mtu alikuwa anaoga hapa wakati nchi kavu watu wanagombania kisima. Mwongozaji wangu, kijana wa pale pale kisiwani, alisema, "Kaka, hata sisi maji ya kunywa bado tunayatafuta." Akaendelea na maelezo yake.

Mzunguko wote, ukiweka na magofu ya Makutani na misikiti midogo, uuwekee saa tatu. Beba maji yako. Songo Mnara ni siku nyingine: safari ndefu zaidi ya chombo, unashuka majini na kutembea kwenye tope la mikoko kabla ya kufika kwenye kuta. Kwa mtu mwenye magoti mabovu au mtoto wa miaka mitano, iache. Miezi ya kusi, na Nane Nane imo humo, upepo unaweza kumfanya nahodha akuambie "kesho", na kesho yake akasema hivyo hivyo.

Bagamoyo ina njia yetu

Bagamoyo haina jumba la sultani lenye bwawa. Kaole, kilomita kama tano kusini mwa mji, ina misikiti miwili iliyobomoka na makaburi 22, baadhi yana nguzo ndefu za mawe; msikiti mmoja ni wa karne ya 13. Aliyetoka Kilwa akaja Kaole atasema, "Ndiyo hivi tu?" Basi nenda Kaole kwanza, Kilwa baadaye.

Lakini kuna kitu Bagamoyo inacho ambacho Kilwa haina kwa mtu wa Dodoma, na hapa naomba nikawie.

Ile njia ya misafara iliyoleta pembe na watumwa pwani, kilomita kama 1,200 kutoka Ujiji, ilipita kwetu. Tanzania imeipeleka kwenye orodha ya mapendekezo ya UNESCO kwa vituo vyake: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara karibu na Tabora, Ujiji. Soma tena orodha hiyo. Mpwapwa ni yetu, Kilimatinde ni jirani yetu wa Manyoni. Mpwapwa ndipo msafara ulipopumzika na kujaza maji. Baada yake ilikuwa Ugogo, nchi kavu, na watemi wa Kigogo walitoza hongo, yaani ushuru wa njia, kwa kila msafara uliotaka kupita na kunywa. Vitabu vya wasafiri wa Ulaya vimejaa malalamiko kuhusu hongo hiyo. Mimi nikiyasoma nacheka. Maji yetu, njia yetu, ulitaka kupita bure?

Ukisimama Caravanserai ya Bagamoyo, pale wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walipotua mizigo, unasimama mwisho wa njia ambayo katikati yake ni nyumbani kwako. Jina lenyewe la mji wengi hulielezea kwa "bwaga moyo". Wengine husema ni mpagazi aliyefurahi kufika, wengine ni mtumwa aliyekata tamaa kabla ya kupakiwa chomboni. Mji umebeba maana zote mbili na hakuna haja ya kuchagua.

Kutoka hapo tembea kuelekea baharini. Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani la 1897, mtaa wenye milango ya nakshi, forodha ya zamani. Geuka kaskazini ufike misheni ya Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa 1868, ambako watumwa waliokombolewa walipewa makazi. Hapo ndipo Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, na wenzao walipoufikisha mwili wake Februari 1874, baada ya kuubeba kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Mnara wa kanisa ulikolazwa mwili bado umesimama. Jumba la makumbusho la misheni ni dogo na limepangwa vizuri, na watoto wa shule wakifika hapo kelele hupungua zenyewe.

Uwanjani kuna mbuyu wenye mnyororo uliomezwa na shina, kipande tu ndicho kinachochungulia. Wageni huupiga picha kwa mshangao. Mtu wa Dodoma, sijui. Mibuyu sisi tumekulia chini yake. Mke wangu aliuangalia akasema, "Huu kwetu ungekuwa mdogo," akaendelea kutafuta kivuli.

Kuna na Bushiri. Wengi wanajua alipigana na Wajerumani pwani hii 1888 na 1889, wachache wanajua kwamba 1889 alikuja mpaka Mpwapwa akashambulia kituo chao. Alinyongwa Pangani Desemba mwaka huo. Kwa hiyo hata vita vya pwani vilifika mlangoni kwetu.

Samaki

Kwenye uvuvi wenyewe, hukumu yangu inaweza kuwashangaza wenyeji wa Bagamoyo: jioni nzuri kuliko zote niliyoiona ni ya Kilwa Kivinje.

Kivinje ni mji mkongwe wa Kilwa ya bara, kaskazini mwa Masoko, uliokuwa bandari kubwa ya watumwa karne ya 19. Majumba yake yanaanguka polepole, miti imeota madirishani. Kuna Mwembe Kinyonga, mahali Wajerumani walipowanyongea watu wakati wa Majimaji. Halafu unashuka ufukweni na maisha yanakukumba: mashua na ngalawa zinaingia, watu wamesimama majini hadi kiunoni, ndoo zinapita juu ya vichwa, mafundi wanagonga mbao za chombo kipya. Hakuna aliyekuandalia kitu. Hakuna anayekuuzia kinyago. Ukikaa kimya juu ya ubao unaachwa utazame.

Soko la samaki la Bagamoyo ni kubwa, lina kelele, na ni jepesi kufika. Mnada unakwenda kasi: dalali anataja bei, wachuuzi wanajibu kwa kichwa, fungu limeshaondoka kabla hujatambua ni changu au kolekole. Pembeni akina mama wanakaanga kwenye karai kubwa. Watoto wangu walilipenda kuliko magofu yote. Shida yake ni kwamba mgeni anaonekana haraka, na utapata vijana watatu wanaotaka kukutembeza kabla hujamaliza chai. Mchukue mmoja, mwenye kitambulisho, mpatane bei mwanzo, wengine watakuacha.

Kilwa Masoko kuna jambo la kufuatilia: serikali ilianza kujenga bandari ya uvuvi pale, jiwe la msingi liliwekwa 2023. Kama unataka kuona uvuvi wa mtumbwi na tanga kabla meli kubwa hazijazoeleka, basi hiyo ni sababu ya kutoichelewesha Kilwa sana.

Mwezi

Hili ndilo nililolijua kwa kuchelewa, na ningependa mtu angeniambia. Sisi huku mwezi tunautazama kwa ajili ya Idi. Pwani mwezi ndio ratiba.

Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Katika siku hizo, pwani hii maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi. Hapo ufukwe wa Bagamoyo unakuwa mpana kama uwanja, vyombo vimelala ubavu mchangani, na kutembea ni raha. Mwezi ukiwa nusu, maji yakiwa mafu, bahari haiendi mbali na asubuhi unaweza kukuta njia yako imemezwa.

Mara yangu ya kwanza nilipanga kutembea ufukweni asubuhi kwenda Kaole bila kuuliza. Nilikuta maji yamegonga mikoko. Nikarudi na viatu mkononi, nikakodi bodaboda.

Sasa changanya na dagaa. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, wengi hupumzika. Kwa hiyo mwezi mpevu unakupa ufukwe mpana lakini mnada wa dagaa mdogo. Mwezi mwandamo unakupa vyote viwili: bamvua ya kutembea asubuhi, na usiku mweusi wenye taa zimejipanga baharini kama mji. Kama una uhuru wa kuchagua wikiendi, chagua hiyo, iwe Bagamoyo au Kilwa. Kilwa inakuhusu zaidi, kwa sababu maji ndiyo yanayoamua unashukia wapi na unachafuka kiasi gani.

Mengine ya haraka

Beba kitambulisho cha NIDA; kiingilio cha Mtanzania ni tofauti kabisa na cha mgeni. Ufukwe kati ya mji wa Bagamoyo na Kaole usiupite peke yako wala na simu mkononi, nenda na mwongozaji au fuata barabara. Kote ni miji ya Waislamu: kaptula ya kuogelea ibaki ufukweni, na penye msikiti, hata gofu, uliza kabla ya kukanyaga. Mwezi wa Ramadhani mchana usitegemee mama lishe kila kona. Joto la pwani si la Dodoma. Letu ni kavu, lile linakulowesha umesimama, kwa hiyo tembea kabla ya saa nne au baada ya saa kumi. Chakula, sina la kulinganisha: pweza wa Kilwa na nguru wa Bagamoyo wote nimewala nikaramba vidole.

Kuna atakayeuliza Pangani. Ni mji mtulivu kwenye mdomo wa mto, una kivuko cha kwenda Bweni, na magofu ya Tongoni hayako mbali. Naupenda. Lakini kwa anayekuja mara ya kwanza kutoka huku hauna kitu ambacho moja ya hizi mbili haina zaidi, labda ukimya.

Shemeji nilimwambia aende Bagamoyo: siku ya kwanza treni na machweo, ya pili mji na misheni, ya tatu mnada asubuhi na Kaole jioni, ya nne kurudi. Kilwa nikamwekea kiporo, siku sita, yeye na mkewe tu, watoto wabaki kwa bibi yao Kongwa, na ahesabu mwezi kabla ya kuomba likizo. Kama angekuwa mwalimu wa historia, au mtu asiye na watoto na mwenye wiki nzima mkononi, ningemgeuza siku hiyo hiyo aelekee kusini.

Wakaenda. Wakarudi na mfuko wa ng'onda uliofungwa mara tatu ili abiria wa treni wasilalamike, na bado walilalamika. Wiki mbili baadaye tukawa Mtera kununua perege, na yule mtoto mdogo akasimama ukingoni mwa bwawa, mikono kiunoni, akamuuliza baba yake maji ya hapa yanakupwa saa ngapi.